Umaarufu Hujengwa Jumamosi

(Hotuba kwa walimu wa michezo na wachezaji wa mpira wa mikono. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi ya sauti, na maneno ya kujirudia yamepunguzwa.)

Ndugu mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Kama kuna mahali haikuzingatiwa, naomba radhi mapema, maana muda niliopewa ni mfupi na ninyi tangu asubuhi mpo kwenye viti hivi vya plastiki.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie "kuukuza mchezo wetu kupitia nyota." Niliisoma mara mbili. Nikajiuliza, mpira wa mikono una nyota gani ambaye mtoto wa hapa anaweza kubandika picha yake juu ya kitanda? Nikaona nianze na jaribio dogo. Nitajieni mwanamichezo yeyote wa Brazil. Haraka haraka, msifikirie.

(Ukumbi: "Pele! Neymar! Ronaldinho! Vinícius!")

Ahaa. Mama mmoja kule nyuma amesema Marta, Mungu ambariki. Lakini hakuna aliyetoka nje ya mpira wa miguu. Na humu ndani wengi wenu ni walimu wa mpira wa mikono! Kama ningeuliza swali hili kwenye kijiwe cha kahawa nisingeshangaa. Humu, jamani, nilitegemea angalau mtu mmoja aseme Duda.

(Sauti: "Duda ndiyo nani?")

Swali zuri, na ndilo lililonileta. Duda ni Eduarda Amorim. Amezaliwa Septemba 1986 mjini Blumenau, kusini mwa Brazil, jimbo la Santa Catarina. Wabrazili hawana subira na majina marefu. Eduarda kwao ni Duda, na hilo ndilo linaloingia mgongoni mwa jezi. Mwaka 2014 Shirikisho la Kimataifa la mpira wa mikono lilimtangaza kuwa mchezaji bora wa kike duniani. Narudia: duniani. Ametwaa Kombe la Dunia akiwa na taifa lake, na Ligi ya Mabingwa Ulaya mara tano akiwa na klabu moja. Mwanasoka mwenye rekodi hiyo tungekuwa tumeshawapa watoto wetu jina lake, na bajaji zingekuwa na picha yake kwenye turubai.

Turudi Desemba 2013. Mnaikumbuka wiki ile? Tarehe 5 alifariki Mzee Mandela, na dunia ikasimama. Kesho yake, kwenye ufukwe wa Bahia, ikachezeshwa droo ya Kombe la Dunia la mpira wa miguu la 2014. Brazil wakapangwa na Croatia, Mexico na Cameroon, na nchi yao nzima ikaanza kupiga hesabu za nani atakutana na nani. Siku hizohizo, kwenye baridi ya Serbia, timu ya wasichana wa Brazil ilikuwa inaanza Kombe la Dunia la mpira wa mikono. Mnaweza kukisia kamera zilikuwa zimeelekea wapi.

Kocha wao alikuwa Morten Soubak, raia wa Denmark aliyewahi kufundisha vilabu vya São Paulo na anayezungumza Kireno. Kundi lao lilikuwa na Serbia wenyeji, Denmark, Japan, China na Algeria. Wakawafunga wote. Kwenye mtoano wakawatoa Uholanzi. Halafu ikaja robo fainali na Hungaria, na hapo nawaomba walimu mnisikilize, kwa sababu mechi ile ningeifanya somo la muhula mzima. Dakika 60 zikaisha sare. Wakaongezwa muda, bado sare. Wakaongezwa tena. Hesabuni wenyewe: dakika 80 za kukimbia, kugongana, kuruka, kuanguka kwenye sakafu ya mbao na kuinuka. Brazil wakashinda 33 kwa 31.

Wiki hiyohiyo Atlético Mineiro ya Ronaldinho ilifungwa 3-1 na Raja Casablanca kule Marrakech. Hilo mnalikumbuka, naona vichwa vinatikisika. Mechi ya Duda na Hungaria hakuna aliyeiona. Siwalaumu, hata mimi niliipata baadaye, kwenye video ya mtandaoni iliyokuwa inakwamakwama kila dakika mbili.

Nusu fainali wakawachapa Denmark 27 kwa 21. Tarehe 22 Desemba, Belgrade, fainali na Serbia. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya 19,000, na wote hao, ukiondoa kundi dogo sana, walikuwa wanawashangilia wenyeji. Kwenye uwanja wa soka kelele zinapanda juu zinapotea hewani. Ukumbi una paa. Kelele inapanda, inagonga, inakurudia kichwani. Mliocheza ndani mnajua, hata mwenzako wa mita tatu humsikii. Brazil wakashinda 22 kwa 20. Mechi tisa, ushindi tisa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu kutoka bara la Amerika, Kaskazini au Kusini, kutwaa kombe hilo, na Duda akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Sasa fikirieni. Bingwa wa dunia, mchezaji bora wa mashindano, raia wa nchi inayoabudu michezo. Angepaswa kushuka kwenye ndege akashindwa kutembea barabarani. Lakini mji ambao Duda hawezi kununua mkate bila kusimamishwa na watu hauko Brazil. Uko Hungaria, unaitwa Győr.

Győr ni mji wa watu kama 130,000 hivi, katikati ya njia ya kutoka Vienna kwenda Budapest. Kuna mito, kanisa kuu la zamani, na kiwanda kikubwa cha Audi kinachotengeneza injini. Ndiyo maana klabu inaitwa Győri Audi ETO. Duda alihamia pale mwaka 2009 akitokea Skopje, Macedonia, kwenye klabu ya Kometal iliyompokea Ulaya akiwa bado binti mdogo. Akakaa Győr hadi 2021. Misimu 12.

Kuna kitu cha kuchekesha kwenye jina lake. Kwa Kihungaria neno "duda" lipo tangu zamani, maana yake ni zumari la mfuko, lile ambalo mtu hulipuliza huku analikumbatia kwapani. Honi ya gari nayo huitwa hivyohivyo. Kwa hiyo Mbrazili anafika, anatambulishwa, na jina lake ni Zumari. (Kicheko) Msicheke sana, kwetu angeitwa Mdudu. Lakini jina likasahaulika maana yake ya zamani. Ukumbini likawa mtu.

Sasa nataka tutulie hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipo na jambo la kusema. Wengi tunadhani umaarufu unatoka kwenye kombe. Unashinda, picha inatoka gazetini, watoto wanakupenda. Mimi baada ya kumfuatilia huyu dada kwa miaka nimefika mahali pengine kabisa: umaarufu unajengwa Jumamosi. Jumamosi au Jumapili, sitaki ugomvi na ratiba ya mtu, nina maana ya siku moja inayojulikana, saa inayojulikana, mahali panapojulikana, na mtu yuleyule uwanjani.

Tupige hesabu ya duka. Misimu 12. Tuseme mechi 20 za nyumbani kila msimu, ligi, kombe la nchi na Ulaya. Hizo ni mara 240 ambazo mkazi wa Győr ametoka nyumbani, amekata tiketi, amekaa kiti kilekile na kumwona Duda kwa macho. Mtoto aliyeletwa na babu yake mwaka 2009 akiwa na miaka sita, Duda alipoondoka alikuwa na miaka 18, ana ndevu, pengine analeta mchumba wake ukumbini. Amekua naye. Amemwona akishinda, amemwona akikosa penalti, amemwona akichechemea kurudi benchi. Hilo tangazo la televisheni haliwezi kukupa.

Na ukumbi wenyewe si mkubwa! Audi Aréna, uliofunguliwa mwaka 2014, unachukua watu kama 5,500. Mnajua kuna viwanja vyetu vya mpira wa miguu vinavyochukua mara kumi ya hapo na siku ya mechi unahesabu mashabiki kwa vidole. Watu 5,500 waliojaa wanamfanya mchezaji ajione mfalme. Watu 5,500 kwenye viti 60,000 wanamfanya ajione yatima.

Halafu kuna namna alivyokuwa anacheza. Niruhusuni niwe mwalimu kidogo. Mnajua mchezo huu siku hizi umekuwa kama daladala, watu wanashuka na kupanda. Timu ikipata mpira, mabeki wazito wanakimbilia benchi na wapigaji wanaingia. Ikipoteza, wapigaji wanatoka, mabeki wanaingia. Shabiki anamwona mchezaji wake kwa nusunusu. Duda alikuwa hatoki. Nafasi yake kwenye ushambuliaji ilikuwa nyuma kushoto, pale alipokuwa anapanda hewani na kupiga juu ya ukuta wa mabeki. Ana urefu wa mita 1.86, na alipokuwa akiruka kipa aliona mkono tu. Mpira ukipotea, alikuwa anarudi na kusimama katikati ya ukuta, pale ambapo pivoti wa wapinzani, yule mshambuliaji anayejichomeka katikati ya mabeki, anasukuma kwa mgongo na kiwiko, na kazi chafu ya kule aliifanya yeye. Mara kadhaa amechaguliwa beki bora wa Ligi ya Mabingwa. Mchezaji bora wa dunia ambaye pia ni beki bora! Kwenye soka ni kama umchukue Messi halafu dakika ileile umkute anaokoa kona.

Watu wa Győr wanafanya kazi kiwandani, kwa zamu. Sikufika kuwauliza, lakini nafikiri wanamwelewa mtu anayefanya zamu zote mbili.

Makombe yakaja. Ligi ya Mabingwa 2013, 2014, kisha 2017, 2018 na 2019 mfululizo. Fainali za 2017 na 2018 zote mbili zilikuwa dhidi ya Vardar, na zote mbili ziliamuliwa kwenye muda wa nyongeza kwa tofauti ya goli moja, 31 kwa 30, halafu 27 kwa 26. Vardar ni timu ya wapi? Skopje. Mji uleule uliompokea Ulaya. Waswahili tunasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Yeye mji ule aliubusu kwanza, kisha akaja kuukata mara mbili. (Kicheko)

Wakati huohuo, kwao Brazil je? Hapa lazima nitende haki, kwa sababu ni rahisi kusema Wabrazili hawaupendi mchezo huu, na huo ni uongo. Mpira wa mikono ni mmojawapo wa michezo inayofundishwa sana kwenye shule zao. Uliingia na wahamiaji wa Kijerumani, ndiyo maana haishangazi kwamba Duda ametoka Blumenau, mji ulioanzishwa na Mjerumani mwaka 1850, ambao mpaka leo Oktoba yao ni sherehe ya bia na nyumba zao zina paa zenye mteremko kama zinangoja theluji ambayo haiji. Mtoto wa Brazil anaukuta mchezo huu shuleni, anaujua, ana goli mbili zilizopakwa rangi kwenye uwanja wa saruji.

Tatizo linakuja akimaliza shule. Ligi ipo, vilabu vipo, lakini fedha ni kidogo na televisheni ina mke mmoja tu, soka. Kwa hiyo mwenye kipaji anapanda ndege. Ilifika mahali, kuanzia 2011, shirikisho lao likafanya makubaliano na klabu ya Austria, Hypo Niederösterreich, ili wachezaji wengi wa timu ya taifa wakae kule pamoja, wacheze pamoja wiki hadi wiki. Nadhani ni uamuzi wa akili sana, na ni wa huzuni pia. Mwaka 2013 Hypo wakatwaa Kombe la Washindi la Ulaya wakiwa wamejaa Wabrazili, na Desemba ya mwaka huohuo wasichana walewale wakawa uti wa mgongo wa timu iliyotwaa dunia. Kwa maneno mengine timu ya taifa ya Brazil ilipikwa kwenye jiko la Austria. Jumamosi zao zilikuwa kule. Sasa mtu wa São Paulo angewazoea lini?

Mchukueni Alexandra Nascimento. Winga ya kulia, anatumia mkono wa kushoto, mfupi ukimlinganisha na Duda, lakini akikata kutoka kona mpira unazunguka kama una macho. Kombe la Dunia la 2011 lilichezwa kwao, jimbo la São Paulo, naye akawa mfungaji bora kwa magoli 57. Mwaka 2012 akawa mchezaji bora wa dunia, kabla ya Duda. Brazil moja, ndani ya miaka mitatu, wachezaji bora wawili wa dunia! Na Alexandra naye miaka yake mizuri ameitumia Austria.

Au Daniela Piedade. Huyu ningependa wachezaji vijana mumsikilize vizuri. Septemba 2012, akiwa na klabu ya Krim ya Ljubljana, Slovenia, alipata kiharusi muda mfupi kabla ya mechi. Kiharusi, wanangu, ugonjwa ambao sisi tumezoea kuuona kwa babu zetu. Akaanza upya mazoezi ya mwili, akarudi uwanjani, na miezi 15 baadaye alikuwa Belgrade anavishwa dhahabu. Mwaka 2016 akacheza Olimpiki nyumbani kwao. Kisa hicho kingekuwa cha mwanasoka, tungekisikia kila mwaka.

Olimpiki ya Rio. Hapo ndipo Brazil walipowaona watoto wao kwa macho, mechi baada ya mechi. Uwanja uliitwa Arena do Futuro, Uwanja wa Wakati Ujao, watu 12,000. Siku ya kwanza, tarehe 6 Agosti 2016, Brazil dhidi ya Norway. Norway walikuwa mabingwa wa dunia na mabingwa wa Olimpiki mbili mfululizo. Na walikuwa na deni, kwa sababu London mwaka 2012 Brazil waliongoza kundi lao halafu Norway wakawatoa robo fainali, 21 kwa 19. Rio wakalilipa, 31 kwa 28. Wakaifunga Romania 26 kwa 13, mara mbili kamili. Ukumbi ulikuwa unaimba kama Maracanã, uwanja wao mkubwa wa soka. Kwa wiki moja na nusu, Duda alikuwa Duda kwao pia. Kisha robo fainali, Uholanzi wakawafunga 32 kwa 23, na watu wakakunja bendera wakaenda kuangalia Neymar akipiga penalti ya mwisho.

Uwanja wenyewe ulijengwa kwa mpango wa kubomolewa, vyuma vyake vikajenge shule nne. Sina ugomvi na shule, mimi ni mwalimu. Lakini angalieni vizuri: Győr waliujenga ukumbi wa watu 5,500 ukabaki. Rio walijenga wa 12,000 ili uondoke.

Kuna jambo lingine lilitokea Rio, na hili linatuhusu sisi Waafrika. Angola walikuwa na kipa anaitwa Teresa Almeida, wao wanamwita Bá. Mwanamke mnene, kwa lugha yetu tungesema amejaaliwa, na kwenye mchezo ambao makipa wengi ni warefu wembamba kama nguzo za umeme, alionekana mara moja. Siku ya kwanza dhidi ya Romania alizuia mipira ambayo wengine wasingeiona, Angola wakashinda 23 kwa 19. Wakaifunga na Montenegro. Sasa Wabrazili, ambao lugha yao na ya Angola ni moja, wakamchukua. Ukumbi mzima ukawa unaita jina lake, Bá, Bá, Bá, kila akidaka. Angola wakafika robo fainali.

Niliipenda hadithi hiyo halafu nikaanza kuichunguza. Bá alipendwa kwa siku ngapi? Kwa siku za mashindano. Huo nao ni umaarufu, siudharau, umemfikisha kwenye magazeti ya dunia. Lakini ni wa aina ya mvua ya Januari, inanyesha kubwa na inakauka. Wa Duda ulikuwa wa kisima. Na mnajua nani alikwenda kufundisha Angola baada ya hapo? Yuleyule Soubak aliyewapa Brazil kombe. Angalau mtu mmoja aliona kilichopo Angola.

Wanaume wa Brazil nitawapitia mbio, kwa sababu muda unanikimbia na mwenyekiti ameanza kuangalia saa. Yuko Thiagus Petrus, ambaye amecheza Barcelona kuanzia 2018 hadi 2025 na ametwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu akiwa nao. Mtaniuliza anafunga magoli mangapi. Machache. Kazi yake ni kuzuia. Kuna watu wanaokata tiketi kwenda kumwangalia mtu anayezuia, na mimi ni mmojawapo, ningekata kama ningeweza. Januari 2025 wanaume hao walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, njiani wakiwa wamewafunga Norway 29 kwa 26 palepale Oslo, mbele ya wenyeji. Denmark wakawamaliza. Denmark huwamaliza wote siku hizi.

Turudi Győr, maana nilisema kisima. Duda aliondoka 2021 kwenda Rostov-Don ya Urusi. Msimu wake wa mwisho haukuisha kwa kombe la Ulaya. Győr walikuwa hawajafungwa mechi 55 za Ligi ya Mabingwa, miaka zaidi ya mitatu, halafu kwenye nusu fainali mjini Budapest, Brest ya Ufaransa wakawatoa kwa penalti. Mbaya zaidi, ulikuwa msimu wa korona, mechi nyingi viti vilikuwa vitupu. Mara 240 za kushangiliwa, na mwishoni kabisa ukumbi uko nusu kimya. Sijui kwa nini jambo hilo huniuma kuliko matokeo yenyewe.

Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2023 Győr wakamsajili Mbrazili mwingine, Bruna de Paula, msichana wa Campestre, mji mdogo wa Minas Gerais. Alishapita Ufaransa, Fleury, kisha Nantes ambako alitwaa Ligi ya Ulaya ya 2021, kisha Metz. Ni mwepesi, anapita kwenye upenyo ambao ukiutazama unasema hapa hapiti hata paka. Msimu wake wa kwanza, 2024, Győr wakatwaa Ligi ya Mabingwa. 2025 wakarudia. Kwenye Olimpiki ya Paris, Brazil yake ilipigwa na Norway 32 kwa 15 kwenye robo fainali, kipigo cha aibu, na wiki chache baadaye Jumamosi zikaanza tena kule Hungaria, na yule babu wa kiti kilekile akawa anapiga makofi kwa Mbrazili wa pili.

(Sauti: "Mwalimu, sasa sisi tufanye nini?")

Nilijua litakuja. Mimi si mtu wa Wizara, sina fungu. Najua nilichonacho. Kila mwaka tunapeleka watoto UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kisha UMISSETA, ya sekondari, mpira wa mikono umo, na kila mwaka anatokea binti mmoja au wawili ambao ukiwaona unasema huyu ni Duda. Siku kumi anang'aa, mnamsifu, mnampa cheti. Halafu anarudi kwao na hakuna anayemwona akicheza tena mpaka mwaka unaofuata, kama hajaolewa au hajahamishwa shule. Tunawapa Rio. Hatuwapi Győr.

Mwaka jana niliwahi kuandaa mechi ya mabinti kwenye uwanja fulani, nikabandika tangazo, saa kumi jioni. Saa kumi na nusu wenye uwanja wakatuambia kuna harusi, tuhamishe magoli. Tulihamisha. Mashabiki wetu 14 walibaki kula pilau. (Kicheko kirefu) Msicheke, walifanya vizuri, pilau lilikuwa na nyama.

Mwaka huu sibandiki tangazo. Nimeongea na walimu wanne, wamo humu ndani, na wameniruhusu niseme. Kuanzia Jumamosi hii, shule nne, mechi mbili kila wiki, uwanja uleule wa saruji nyuma ya soko, mpaka Novemba. Mvua ikinyesha tunangoja ikatike, hatuahirishi. Majina ya wachezaji tutayaandika mgongoni kwa chaki ya rangi kama fulana hazijafika, na tutaandika majina wanayoitwa mtaani, si ya kwenye cheti cha kuzaliwa. Kuna mmoja anaitwa Chausiku, ana mkono wa kushoto na anaruka kama swala. Nendeni mkamwone sasa, kabla hajawa wa kulipia.

Saa kumi kamili. Chokaa tutaichora asubuhi. Viti hakuna, kila mtu aje na chake.

Ahsanteni sana.